Jibu kwa Msomaji: Nyumba ya Mawe ya Babu, Mikindani

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi na ndugu zangu tumeachiwa nyumba ya mawe ya marehemu babu yetu, Mikindani. Wazee wanasema ina zaidi ya miaka mia mbili na kwamba aliyeijenga ni Mwarabu. Miaka minane iliyopita tuliipiga lipu ya saruji kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, lakini sasa lipu inabanduka na unyevu umefika dirishani. Fundi anashauri tubandue, tufunge wavu wa kuku, kisha tupige saruji nene zaidi. Binamu yangu anataka tuuze mlango wa nakshi, tuvunje nyumba na kujenga ya tofali. Je, nyumba hii ina umri gani kweli, na inafaa kuokolewa?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali lako na kwa picha ulizoambatanisha, maana bila hizo ningejibu kwa kubahatisha. Umetanguliza umri, lakini mimi nitaanza na ukuta, kwa sababu umri unaweza kungoja na ukuta haungoji.

Itazame tena ile picha ya ukuta wa upande wa bahari. Lipu ya saruji bado imesimama, lakini imeachana na ukuta. Ukiigonga kwa kifundo cha kidole, kama ulivyoeleza mwenyewe, inatoa sauti ya mtungi mtupu. Pale ilipopasuka, jiwe lililokuwa nyuma yake limegeuka unga ambao mnaufagia kila asubuhi. Na juu ya mahali saruji ilipoishia, ambapo zamani palikuwa pakavu, pana ukanda wa rangi ya hudhurungi uliofunikwa na weupe kama wa chumvi. Weupe huo ni chumvi hasa. Ukiugusa kwa ncha ya ulimi utajua. Ukanda huo ndio unaonieleza ugonjwa wa nyumba yenu, kwa kuwa haukuwapo kabla ya lipu ile.

Kuta za nyumba za namna hii zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, na mara nyingi kwa udongo mwekundu uliotiwa chokaa kidogo. Hazina msingi wa zege wala karatasi ya nailoni ya kuzuia maji, kwa hiyo hunywa maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyonywa mafuta ya taa. Waashi wa zamani walilijua jambo hilo na hawakujaribu kulizuia. Walipiga lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji yaliyoingia kwenye kitako cha ukuta yalitoka kupitia vitundu hivyo kwa jua na upepo kabla hayajapanda juu zaidi ya muundi. Saruji imeifunga njia hiyo. Maji hayakukoma kuingia, ila yalikosa pa kutokea, yakapanda ndani ya ukuta hadi yakaupita mwisho wa saruji, yakiwa yamebeba chumvi ya ardhini na ya matumbawe yenyewe. Yanapokauka, chumvi hubaki ndani ya jiwe na kuganda kuwa chembe ngumu zinazokua kila msimu, na chembe hizo zina nguvu ya kutosha kulipasua jiwe kutoka ndani. Ndiyo maana nasema, bila kukuvunja moyo, kwamba ile lipu mliyoipiga kwa nia njema ndiyo iliyowaletea maradhi.

Sasa fikiria ushauri wa kufunga wavu wa kuku na kuongeza saruji. Wavu utakaa kwenye unyevu na chumvi, utapata kutu, na chuma chenye kutu huvimba. Mtakuwa mmeongeza kitu cha pili cha kuupasua ukuta. Hata hivyo nisingependa umlaumu fundi wenu. Amefundishwa kazi ya tofali za saruji, na katika nyumba ya tofali ushauri wake una mantiki. Tena tangu kiwanda kikubwa cha saruji kilipozinduliwa Msijute mwaka 2015, saruji ndiyo bidhaa ya ujenzi iliyo karibu zaidi na mlango wa kila mtu Mtwara, na chokaa imebaki kuwa kitu cha kupaka mashina ya miti na kuta za shule.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe. Nikiwa kijana nisiye na subira nilisimamia ukarabati wa nyumba ndogo Kilwa Kivinje, nikaagiza kona moja iliyomong'onyoka ijazwe zege na kufunikwa lipu ya saruji, kwa sababu nilitaka kazi ya miaka na nilidhani ugumu ndio uimara. Kwa misimu miwili ile kona ilipendeza, na mwenye nyumba alinisifu mbele za watu. Msimu wa nne mawe yaliyopakana na zege langu yalianza kuporomoka, na zege likabaki limesimama peke yake kama jino la mwisho kinywani mwa mzee. Ukuta wa matumbawe hunyumbuka kidogo, huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, na unapoushika na kitu kisichonyumbuka, kinachovunjika ni kile kilicho laini.

Kama unadhani chokaa ni dhaifu, nenda ukatazame Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, katika mkoa jirani wa Lindi. Husuni Kubwa, kasri la masultani wa Kilwa, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na kuta zake bado zinasimama kwa matumbawe na chokaa, pamoja na kupigwa na pepo za kusi na kaskazi na kuachwa ukiwa kwa mamia ya miaka. Magofu hayo yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa jinsi yalivyokuwa yakiporomoka, kisha yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Kabla ya chokaa, yashughulikieni maji. Hii ndiyo kazi isiyo na sifa, lakini ukiniuliza nusu ya fedha yenu iende wapi, nitasema iende hapa. Katika picha ya mbele naona ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Hali hiyo ni ya kawaida katika miji yetu ya zamani, kwa kuwa takataka za kufagia, vifusi na kifusi cha barabara hujazana mwaka hata mwaka mpaka nyumba inaonekana kama imezama. Chimbeni kuizunguka nyumba, taratibu na kwa vipande vya mita mbili mbili ili msiuachie ukuta ukose mhimili, mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa shubiri moja au zaidi, kisha mwinamisho uelekee mbali na ukuta. Halafu mtazame paa. Kwa vipimo ulivyonipa, mita 12 kwa 8, paa lenu linakinga eneo la takriban mita za mraba 96. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua kubwa ya milimita 50 kwa usiku mmoja inamwaga lita 4,800 miguuni mwa kuta zenu. Wekeni mifereji ya maji, au walau upenuo utoke nje ya ukuta sentimita 60 hadi 70. Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda: sina ugomvi na mabati. Makuti yana ubaridi na uzuri wake, lakini familia isiyo na fedha ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache ni afadhali iwe na bati lisilovuja kuliko makuti yenye matundu. Ukuta wa chokaa unaweza kuvumilia paa baya la kutazama, ila maji yakiingia kwa juu utaanguka.

Mkishayaongoza maji, bandueni saruji. Tumieni nyundo ndogo na tindo, mkianzia pale inapotoa sauti ya mtungi, na msiilazimishe mahali iliposhika sana, maana itatoka na jiwe. Uacheni ukuta ukiwa wazi msimu mzima wa kiangazi, mkiufagia kwa burashi kavu kila chumvi inapotokeza. Msiuoshe kwa maji, kwa sababu mtairudisha chumvi ndani.

Wakati ukuta unakauka, chokaa iive. Nalitumia neno hilo kwa makusudi. Chokaa huanza kama jiwe, na jiwe hilo likichomwa katika tanuri kwa joto la kama nyuzi 900 za Selsiasi hutoa hewa ya ukaa na kuwa chokaa hai, ambayo ukiimwagia maji huchemka na kutoa mvuke. Huko ndiko kuzima chokaa. Ikishapigwa ukutani hunywa tena ile hewa ya ukaa kutoka angani na polepole hurudi kuwa jiwe. Chokaa iliyozimwa inatakiwa ikae shimoni au ndani ya pipa, imefunikwa na maji, kwa wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora zaidi, mpaka iwe laini kama siagi. Mkinunua ya mifuko dukani, hakikisheni haijakaa muda mrefu. Chota kidogo, idondoshee siki: ikitoa povu jingi, imekwisha kurudi kuwa jiwe humo humo mfukoni na haina kazi tena isipokuwa kupaka. Mchanganyo wa kuanzia ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa mtoni wenye chembe kali, na pale chini penye unyevu ongezeni unga wa tofali za kuchoma zilizosagwa, maana unga huo huisaidia chokaa kushika hata penye maji. Msitumie mchanga wa pwani. Pigeni tabaka nyembamba, isiyozidi sentimita moja, juu ya ukuta ulioloweshwa kidogo, kisha tundikeni magunia yenye unyevu mbele yake kwa siku kadhaa ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Fundi atakayewaambia kwamba anamaliza nyumba nzima kwa siku tatu, mpeni chai mmuage.

Kuna jambo la kuangalia kuhusu chanzo cha chokaa na boriti. Kwa miaka mingi chokaa ya pwani ya Mtwara ilichomwa kwa matumbawe hai yaliyong'olewa baharini, ikiwamo katika ghuba ya Mikindani yenyewe, juu ya kuni za miti iliyokatwa mbichi, na hasara yake mvuvi yeyote anaweza kukusimulia kuliko mimi. Msinunue ya namna hiyo hata kama ni rahisi. Mawe ya kuziba mapengo yawe yale ya nchi kavu, au yale yaliyoanguka kutoka katika ukuta wenu wenyewe, ambayo natumaini hamjayatupa. Boriti za mikoko nazo zinahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu misitu ya mikoko ni hifadhi. Na kama boriti mbili au tatu tu ndizo zilizooza kwenye ncha zilizoingia ukutani, seremala mzuri anaweza kuziunga bila kuzitoa zote.

Hizo boriti zinanifikisha kwenye swali lako la kwanza. Wazee wana haki ya kuiheshimu nyumba kwa kuizidishia miaka, lakini nyumba yenyewe ina ushahidi wake. Umesema vyumba vya mbele vina upana wa mita 2.6. Upana huo haukuchaguliwa na mtu kwa kupenda vyumba vyembamba. Ni urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kuubeba bila kupinda chini ya dari zito la mawe na chokaa, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba kama mtumbwi. Chumba cha nyuma, kwa upande mwingine, kina mita 3.9, na katika picha naona mbao zilizopasuliwa kwa msumeno na misumari ya duara ya kiwandani. Chumba hicho kimeongezwa baadaye, na mshono wake unaonekana wazi ambapo kuta mbili zimekutana bila mawe yake kuumana. Zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, zilizomo katika ukuta wa ukumbi, zenye kingo zilizochongwa kwa matumbawe laini, ni kazi ya mtu aliyejifunza ufundi wa zamani. Kwa jumla, nakisia sehemu ya mbele ni ya nusu ya pili ya karne ya 19 na ya nyuma ni ya wakati wa Waingereza. Miaka mia mbili kamili siioni.

Kisio hilo linaafikiana na historia ya mji. Mikindani ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa bandari hai chini ya Sultani wa Zanzibar, ikipokea misafara kutoka bara, na bidhaa zake zilikuwa pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa miti) na, lazima tuseme, watumwa. David Livingstone aliposhuka hapo Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho, aliandika kwamba alipanga nyumba kwa dola 4 kwa mwezi, maana yake tayari kulikuwa na nyumba za kupangisha na watu wanaoishi kwa biashara hiyo. Wajerumani waliutwaa mji mwaka 1890 na kumaliza kujenga Boma, ngome ya utawala wao, mwaka 1895. Baadaye, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, umbali wa kilomita 10 hivi, na biashara ikahamia huko pamoja na ofisi. Mikindani ikabaki na nyumba zake. Mara nyingi nimefikiri kwamba ufukara ndio mhifadhi mkubwa kuliko sisi sote wenye vyeti, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fedha ya kuzivunja.

Kuhusu aliyeijenga, niruhusu niwe mgumu kidogo. Pwani yote ya kusini nimesikia kila nyumba ya mawe ikiitwa ya Mwarabu, na nyingine zilikuwa zao kweli, nyingine za wafanyabiashara wa Kihindi, nyingine za Waswahili wenye mali. Lakini watu wa pwani hii walikuwa wakijenga kwa mawe karne nyingi kabla masultani wa Omani hawajahamia Zanzibar, na hata pale mwenye nyumba alipokuwa mgeni, mikono iliyochoma chokaa na kubeba mawe ilikuwa ya wenyeji, na katika bandari kama hii mingi yake haikuwa huru. Ukitaka kujua zaidi, usiwaulize wazee miaka, kwa sababu miaka hakuna aliyeihesabu. Waulize matukio. Je, bibi alikuta chumba cha nyuma kipo alipoolewa? Paa liling'olewa na kile kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga pwani ya Lindi, au liliezekwa upya baadaye? Nyumba ilikuwa ya nani wakati wa karanga? Andika majibu yao pamoja na jina la kila aliyesema, na usisahihishe yanapopingana.

Mlango msiuuze, na hapa siongei kwa mapenzi ya nakshi tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa miongoni mwa vitu vinavyolindwa, kwa hiyo mnunuzi anayekuja jioni na gari lililofunikwa turubai anawaingiza katika jambo ambalo yeye hatakuwapo kulijibu. Nyumba yenyewe ina ulinzi mdogo kuliko mlango wake, maana ulinzi wa moja kwa moja wa majengo unahusu yale ya kabla ya mwaka 1863, na ya baadaye yanahitaji kutangazwa na Waziri. Nendeni mkaonane na Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kubandua chochote. Ushauri wao mtauhitaji, na kumbukumbu ya kwamba mliwauliza ni ya maana zaidi siku ndugu watakapokosana.

Na ndugu watakosana. Binamu yako si adui wa historia. Anaona mali isiyoingiza senti, na hilo ni kweli. Mwonyeshe Boma la Mikindani, lililokuwa gofu kabla shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, halijalifufua mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuligeuza hoteli. Sisemi nyumba yenu iwe hoteli. Vyumba viwili vya mbele vilivyopona vinaweza kupangishwa, na kuta nene za nusu mita zitawapa wapangaji ubaridi ambao nyumba ya tofali yenye bati haiwezi kuutoa mwezi wa Desemba. Lakini kabla ya mfuko mmoja wa chokaa kununuliwa, mirathi imalizwe kwa maandishi, wajomba wakiwapo. Nimeona ukarabati mzuri ukisimama nusu kwa sababu ya saini moja.

Kwa mwaka huu, basi, msijaribu kufanya yote. Fanyeni kazi ya maji na kubandua saruji ya ukuta wa upande wa bahari peke yake, kabla mvua za Novemba na Desemba hazijafika, na chokaa iingie shimoni mwezi huu huu. Mtini mwitu ulioota juu ya kizingiti cha dirisha msiung'oe kwa kuuvuta, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoyashika mawe hayo kwa sasa. Ukateni kwenye shina na kuuua mzizi taratibu. Na kwenye ule ufa unaotoka dirishani kwenda juu, paka ukanda mwembamba wa lipu ya chokaa unaouvuka ufa, upana wa vidole viwili, na uandike tarehe juu yake kwa msumari. Baada ya mvua kuisha utazame kama ukanda umekatika, upige picha asubuhi jua likiupiga ukuta kwa ubavu, kisha unitumie. Hapo ndipo nitakapoweza kukuambia kama ufa huo ni wa siku nyingi au kama bado unatembea.